Insulini Isiyo na Babu

Garissa, 9 Februari 2025

Kwako Shangazi Safiyo,

Assalamu alaikum. Naomba unisaidie mawazo, maana nyumbani kwangu kumefanyika kikao cha ukoo na aliyeshtakiwa ni dawa.

Mume wangu Mursal alikuwa na kisukari. Friji hatuna, kwa hiyo insulini yake aliihifadhi katika mtungi mdogo uliozungushiwa kitambaa chenye maji, na kila jioni alichungulia ndani akasema, "Mgeni wangu hajambo." Mwaka jana ile insulini ya kuchoma mara moja kwa siku ikapotea madukani, kisha redio ikatangaza kwamba iko nyingine inayofanana nayo, ya bei nafuu, tena inapatikana nchini kote, basi Mursal akavaa shati lake la Idi akaenda kuitafuta, duka hili likamwambia njoo Jumatatu, lile likamwambia iko Nairobi, kliniki ikamwonyesha bango lake zuri ukutani, naye akawa anapunguza ile iliyobaki ili imfikishe, haikumfikisha. Wageni wa taazia walikuwa bado wamekaa mkekani muuguzi Idman aliponipigia simu kwa furaha: "Mwambie Mursal imefika!"

Sasa mama yake, Weris, aliyechunga ngamia Wajir hadi magoti yakakataa, naye ana kisukari, anatumia ile ya zamani, na peni ya kuchomea aliyo nayo iko karibu kuisha, na iliyopo kliniki ni hii inayofanana. Nikamleta Idman nyumbani aeleze. Shemeji yangu Dekow, yule mwenye gari, akamkatiza.

"Inafanana? Hata fisi anafanana na mbwa. Baba yake nani?"

"Imetoka kiwandani, imepimwa, imeonekana inafanya kazi ile ile."

"Kiwanda si ukoo, abaayo, dada yangu. Halafu marehemu ndugu yangu aliitafuta hiyo, akafa. Mnataka mama aipate kabisa?"

Wazee wakatikisa vichwa kwa hekima, mama mkwe akasema yeye hachomwi na asiyejulikana kwao, chai ikaletwa.

Shangazi, nimewaza niitungie nasaba, niseme ni mtoto wa ami wa ile ya zamani, au niifiche katika boksi la zamani nimchome tu, maana kumzika mtu mwingine kwa sababu ya kungoja siwezi. Nifanye nini?

Ruqiya

*

Ruqiya mwanangu,

Mungu amrehemu Mursal, akupe nawe subira. Mtungi wake utunze, utafaa.

Sasa huyo Dekow. Sijapata kusikia mtu akisema dawa imemuua mgonjwa ikiwa bado njiani. Ndugu yake aliuawa na kuikosa. Mwambie hivyo mbele ya wazee. Na gari lake, kama ni kama mengine ya hapa mjini, lina injini ya hili na milango ya lile, na hajawahi kuliuliza jina la babu. Wale wakubwa wa "nchini kote" nao sijawasahau: nchi yao inaishia kwenye daraja la Tana, haivuki kuja huku kwetu Garissa.

Lakini nawe nikugombeze. Kumchoma mtu mzima dawa asiyoijua ni khiyana, na ni hatari. Akibadilishiwa, daktari ndiye anayepanga kipimo, na siku za mwanzo sukari hupimwa mara nyingi zaidi. Akizidiwa, na boksi linasema uongo, nani atajua la kufanya? Nasaba ya kubuni nayo acha. Kwa watu wa Wajir, wanaojua nasaba kwa moyo, utakamatwa kabla ya babu wa pili.

Achana na kikao. Mgonjwa si wazee. Kaa na Weris peke yenu, umuulize: ndama wa ngamia alipokufa, mlimfanyaje mama yake? Atakwambia walimletea ngozi ya mwanawe, akainusa, akaachia maziwa. Nani aliyakataa maziwa yale? Watoto waliyanywa wakakua. Kisha mwambie kwamba Mursal alivaa shati la Idi kwenda kuitafuta dawa hii. Nadhani hilo hakuna aliyemwambia.

Kesho asubuhi, kabla peni haijaisha, mpeleke kliniki. Dekow awaendeshe.

Na akikubali, nikumbukeni katika dua zenu. Hiyo isiyo na babu ndiyo ninayojichoma mimi kila jioni.

Shangazi Safiyo