Matuta ya Viazi Endarasha

Nyeri, Jumapili

Mama mpendwa,

Natumai kazi ya huko Doha haikuchoshi sana. Cucu amepona kikohozi na anakusalimu wewe binti yake, na ng'ombe wetu amezaa ndama mwenye doa jeupe kipajini. Ndani ya bahasha kuna fomu ya ruhusa ili nijifunze urubani. Shangazi Nyaguthii amesema nikueleze jambo moja kabla hujatia sahihi.

Jana alinipeleka angani kwa ile ndege ndogo anayofundishia. Juu ya Endarasha tuliingia kwenye baridi yenye unyevu, injini ikakohoa, kisha ikanyamaza. Nilitamani tuinue pua ya ndege. Shangazi akaishusha kidogo.

"Tukikosa mwendo tutaanguka kama jiwe," akasema. Akapasha kabureta joto ili kuyeyusha barafu iliyoiziba, akajaribu kuwasha injini tena. Kimya. "Basi tutatua pale kwenye nyasi."

Nikatazama. "Hapana, Shangazi! Hivyo ni viazi. Matuta yatatupindua! Twende pale palipovunwa ngano."

Hakubisha. Aligeuza ndege, akaniambia nifungue mlango kidogo usije ukakwama tukigonga ardhi, na tukatua tukirukaruka juu ya mabua.

Mzee mwenye shamba alikuja mbio. "Ngai! Ati mmekosa barabara?" Shangazi alicheka.

Mama, niliogopa sana, na bado nataka kujifunza. Ukikataa nitaelewa. Lakini kumbuka ni wewe uliyenifundisha kupanda viazi.

Binti yako,
Gathoni