Mnazi Ulioangusha Taa

Kinondo,
Kwale.
17 Februari 1966

Mpendwa Mjomba Abdurahman,

Shikamoo Mjomba. Nakuamkia kwa mikono miwili, ingawa Tanga ni mbali. U hali gani? Kile kifua kimepoa? Mkaza mjomba Tumu na watoto hawajambo? Sisi huku miili yetu ni mizima, alhamdulillahi. Habari za moyo nitakueleza.

Kwanza nikushukuru tena. Wewe ndiwe uliyemfundisha Seifu kazi ya kamba mwaka mzima pale bandarini, kisha ukamleta mlangoni kwetu. Mjomba, sikujua kuwa mtu anaweza kufurahi hivi! Nikimsikia akikohoa tu uani, moyo wanidunda. Asumini za harusi zimekauka nami nimekataa zitupwe. Nimezitia ndani ya kitabu changu cha jiografia cha shuleni.

Sasa nisikilize, kwani nimechanganyikiwa.

Hapa jirani, ufukweni Galu, wamekuja Wazungu wanaopiga picha za sinema. Taa zao ni nzito kama mtungi uliojaa maji, na kila moja husimama juu ya chuma chenye miguu mitatu, kirefu kupita paa la nyumba. Watu wetu hukiita chuma hicho mlingoti. Walitafutwa wajuao kamba, Seifu akaitwa. Ilikuwa siku ya nne ya fungate yetu. Mama mkwe, Bi Mishi, alisimama mlangoni: "Bwana harusi hatoki ndani kabla ya siku saba! Mmeyaona wapi haya?" Seifu akanitazama mimi. Nikamwambia nenda. Nilitaka kumwona akitembea kwa fahari. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumatatu hii kaskazi ilivuma kwa nguvu na mlingoti ukaanguka. Ulimwangukia Kaingu, mwenzake wa kazi, ukamvunja bega. Amelazwa Msambweni. Nilimpelekea uji, akanicheka nilivyokuwa nikilia. "Shemeji, mwambie mumeo bega zuri nilikuwa nalo moja tu, na ndilo alilolichagua." Nilipomfikishia Seifu maneno hayo, hakucheka. Tangu siku hiyo hali chakula changu. Hukaa akiitazama mikono yake.

Jumatatu ijayo mlingoti unasimamishwa tena, na mkubwa wa picha ametaka Seifu ausimamishe yeye mwenyewe. Bi Mishi asema yote haya yametokana na fungate iliyokatizwa, na Seifu ameamini. Mjomba, ameapa kwamba siku hiyo atakaa chini yake, aukumbatie kwa mikono yake mpaka kazi iishe. "Ukianguka, uniangukie mimi niliyekosa." Hivyo ndivyo alivyosema, na mimi bado nina hina mikononi!

Lakini kilichouangusha nakijua. Wazungu walimpa mifuko ya kujaza mchanga, ya kulaza juu ya miguu ya mlingoti. Akasema, "Mchanga wa nini, na mnazi upo?" Akaufunga kwenye mnazi kwa kamba moja, kama afungavyo ngalawa kwao Bodo. Ngalawa ikivutwa husogea ikarudi. Mlingoti wa taa hauna pa kusogea. Mnazi uliinama kwa upepo, ukauvuta.

Nimejuaje? Juzi nilianika kanga. Kamba yetu imefungwa mnazini upande mmoja na kwenye nguzo upande wa pili. Upepo ukaja, mnazi ukalala, kamba ikakaza, na nguzo ikang'oka mbele ya macho yangu. Kanga zote mchangani! Nikapiga kelele, "Seifu, njoo uone kilichomwangusha Kaingu!" Akaja, akaiinua ile nguzo, akasema, "Imeoza chini, Mwanafatuma. Wewe wajua nini habari za kamba?"

Ndiyo maana nakuandikia. Kwangu mimi ataona ni hofu ya mke. Kwako wewe hathubutu kubisha, wala mama yake. Mwandikie kwa mkono wako kwamba kosa ni la mnazi. Mwambie miguu itanuliwe mpaka mwisho, na chini yake ziwekwe mbao isizame mchangani. Kila mguu uwekewe mfuko wake. Kamba ziwe tatu, kila moja na upande wake, zifungwe kwenye vigingi vya ardhini. Upepo ukizidi, taa ishushwe, picha zingoje. Haya yote Kaingu ndiye aliyenieleza. Fundi wa taa aliyasema siku ya kwanza na hakuna aliyemsikiliza. Na la mwisho liandike kwa herufi kubwa, maana Seifu aliniambia ulikuwa ukiwafokea kwalo kila siku bandarini: mtu asikae chini ya mzigo. Mtu yeyote, Mjomba. Hata aliyekosa.

Barua hii naipeleka kwa Menza, dereva wa basi la Tanga. Anarudi huku Jumapili. Akija mikono mitupu, sijui nitamzuia vipi mume wangu, labda nikakae naye hapo chini.

Sikukaa bure lakini. Nimekata magunia ya mchele wa harusi, nimeshona mifuko mitatu. Mguu mmoja, mfuko mmoja, na ndizo siku tatu tulizobakisha za fungate. Leo asubuhi Seifu alinikuta nikishona. Aliketi, akanitoa sindano mkononi, akaurudia mshono wangu kwa ule mshono wa kushonea tanga la chombo, mara mbili, mpaka mwisho. Kisha akainuka, akaenda zake. Kiapo hajakitengua. Mshono wangu ameukubali, Mjomba. Limebaki neno lako.

Nisalimie mkaza mjomba Tumu, na Mbwana na wadogo zake wote. Bi Mishi akusalimu, hajui niliyoyaandika. Mola akupe afya, akuongezee umri, na aufanye mkono wako mwepesi kwenye karatasi. Menza apiga honi, naikunja.

Mpwa wako akupendaye na kukutegemea,
Mwanafatuma