Magoti Yangu na Jopo la Baba

Jumanne. Mvua, kama kawaida yetu. Imeanza alfajiri na bado inanyesha bila haraka, matope mpaka mlangoni mwa hii intaneti kafe ya Bagamoyo (ya hapa Tukuyu jamani, si ile ya pwani). Soksi zimelowa. Lakini moyo wangu leo mweupe kabisa, acha niseme.

Keshokutwa nina usaili. Kampuni mpya iliyochukua kiwanda cha chai baada ya serikali kujitoa inatafuta msaidizi wa kukagua majani mabichi. Nafasi moja tu. Nikiipata nabaki nyumbani Nkunga nafanya kazi niliyosomea. Nikiikosa, mjomba wa Dar ameshaniandalia stuli nyuma ya kaunta ya duka lake. Namshukuru mjomba, ila sikusoma chuo cha kilimo nikauze sabuni.

Sasa nikiri. Usaili wangu wa kwanza, kule Mbeya, niliuharibu kwa magoti. Nilipofungua mlango nikaona wazee watatu wenye mvi, basi magoti yakajikunja yenyewe. Nikachuchumaa katikati ya ofisi ya watu, macho chini, nikawapa shikamoo kama binti yeyote wa Kinyakyusa aliyefunzwa na mama yake. Wakaniomba nikae kwenye kiti. Nikakaa, ila macho hayakupanda. Maswali yote niliyajibu nikilitazama zulia.

Wakaandika kwamba hawakuona kama ninajiamini.

Kujiamini ninako! Kumtazama mkubwa usoni ndiko sijafundishwa.

Basi leo asubuhi baba amechelewa shamba makusudi, awe mwenyekiti wa jopo. Kavaa koti lake la kanisani, kakaa nyuma ya meza ya chakula, kalamu mkononi. Mama yuko jikoni, anasikia kila kitu. Nikaingia, nikachuchumaa. Baba akanirudisha nje kwenye mvua. Nikaingia tena, nikachuchumaa tena. "Anayefuata!" anaita, utadhani kuna foleni huko barazani. Mama anacheka mpaka anakohoa.

Mara ya tano nikasimama wima, nikakaa.

"Nitazame," akasema. "Mimi si baba yako. Mimi ni mwenyekiti."

Nikamtazama. Jamani, miaka ishirini na mitatu naishi na huyu mzee, leo ndiyo najua macho yake ni ya kahawia na kope zake fupi kama zangu. Nilitaka kulia, nikajikaza.

Akauliza kwa nini wanipe mimi kazi wakati wapo wenye uzoefu. Siku zote nilikuwa najibu kwamba sina uzoefu ila nitajifunza. Leo nikasema ninao. Nikasema nachuma majani mawili na chipukizi tangu darasa la tatu, na nikitia mkono kwenye gunia najua kama majani yameanza kuchemka, yaani kupata joto na kuharibika kwa kubanana. Halafu likanitoka ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nikasema nikiwa mdogo nilimfuata mkulima mmoja hadi kwenye mizani, majani yake yakakataliwa kwa kuchemka, nikamwona akiyamwaga mtaroni peke yake. Nyumbani akasema yamepokelewa. Nikasema nataka kazi hii ili mkulima kama yule aelekezwe mapema, kabla hajabeba mzigo wa bure.



Mwenyekiti ndiye aliyeinamisha macho kwanza. Akaigeuza kalamu, akaigeuza tena.

"Kazi umepata," akasema.

"Nilijua siku ileile," mama akapaza sauti kutoka jikoni. "Gunia lilinuka."

Tukacheka wote watatu, baba akifuta macho kwa mkono wa koti la kanisani. Nikainuka, nikazunguka meza, nikachuchumaa mbele yake. Ndaga, tata. Asante, baba. Safari hii hakunirudisha nje.

Alhamisi nitaingia wima na macho juu. Magoti nimeyaacha nyumbani, kwa mwenyewe.