Viazi Nyuma ya Kaburi

Jumapili, 23 Machi 2003

Sijawahi kumwambia mtu: tangu Novemba nina shamba la siri. Hatua nne kwa tatu, nyuma ya kaburi la baba yake babu, hapa hapa kihambani kati ya migomba. Pale hakuna anayepiga jembe. Marando ya viazi lishe tulipewa na bwana shamba aliyekuja shuleni. Yale ya kwanza babu aliwatupia mbuzi! Alisikia redioni habari za mazao yaliyobadilishwa vinasaba, basi kila kipya ni hicho hicho. "Kiazi rangi ya karoti? Kimechomwa sindano hicho!" Bwana shamba alisema hivi vimechavushwa tu, ua kwa ua. Nilitaka kumweleza babu. Nikaishia mlangoni. Mimi na kuongea!

Lakini Faraja, mtoto wa dada Bernadetha, ana miaka miwili na kadi yake ya kliniki iko kwenye kijivu, uzito pungufu. Ndizi anatema. Leo nimechimba. Ndani karoti tupu! Nikachemsha, nikaponda na maziwa. Amekula, amelamba kijiko, amelilia sufuria. Dada akauliza nimevitoa wapi. Nikasema shuleni. Uongo — na Kwaresima hii!

Jumatano, 2 Aprili

Amekula tena. Babu: "Mbona mdomo wa huyu kama umepakwa rangi ya mlango?" Dada akajibu ni boga. Sasa tuko waongo wawili.

Jumanne, 22 Aprili

KIJANI! Kutoka kilo 8.8 hadi 9.3! Dada amecheza njia nzima kutoka kliniki, kanga ikamdondoka. Babu kafurahi mno. Jumamosi ananunua pombe ya mbege, tukamshukuru baba yake kaburini.

Mae! Kaburini!

Jumamosi, 26 Aprili

Nilidamka nikang'oe. Babu alishatangulia kaburini na panga, kufyeka majani. Nikamkuta ameshika rando, kiazi kinaning'inia. Jirani yetu mzee Eliufoo anacheka: "Kumbe baba yako bado analima!" Babu hakucheka. Akauliza nani kachimba kwa baba yake. Dada akainamisha kichwa.

Nikakata jani la isale, nikalifunga fundo, nikapiga magoti. Kwetu anayeomba msamaha na jani hilo si rahisi kumkatalia. "Shikamoo babu. Ni mimi. Ndicho kilichomnenepesha Faraja." Sauti ilitoka!

Babu hakulipokea jani, akaniachia mkononi. Kiazi akakigeuza, akakinusa, akanipa.

"Kinachemka muda gani?"

Nikasema nusu saa. Kisha nikaenda jikoni, nikakoka moto, nikakiosha, nikabandika sufuria.