Swali la Wadhah

Nizwa, 9 Februari 2024

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai magoti yamepoa na kikohozi kimekuacha. Sisi huku wazima, alhamdulillah. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako husomwa na nyumba nzima. Jirani yetu Muadh anakuja Ibra na gari, atakupa barua hii mkononi.

Ahsante kwa kunialika kuzungumza klabuni. Nilifurahi kuona ukumbi umejaa watu kusikiliza habari za wafalme wa Bara Hindi wa miaka elfu iliyopita, mambo ambayo wanafunzi wangu chuoni huyasinzilia. Walicheka niliposema kuwa wengi katika wafalme wale asili zao hazikujulikana, na wakishaishika nchi huwaita Mabrahmani, makuhani wao, wawatungie nasaba: huyu katoka kwa jua, yule kwa mwezi. Mabrahmani wakapewa vijiji visivyotozwa kodi, hati zikachorwa juu ya mabamba ya shaba. Na chini kabisa wakawekwa watu waliokatazwa hata kukanyaga ua wa hekalu, wao na watoto wao na wajukuu wao.

Lakini yule kijana aliyesimama mwisho ni nani? Aliniuliza, "Na hapa kwetu, ustadha, wako watu waliowekwa chini namna hiyo?" Nikamjibu, "Hapa kwetu sisi ni Waislamu, hatuna hayo." Watu wakapiga makofi, yeye akatoka. Tangu siku ile mdogo wangu Lujain hapokei simu yangu. Nimekosa nini?

Mwanao, Abeer

*

Ibra, 21 Februari 2024

Mwanangu Abeer,

Marahaba, Mwenyezi Mungu akuzidishie. Magoti ndiyo hayo hayo ya uzee. Shangazi yako Kaltham anakusalimu, anasema umekonda, ule.

Hujakosa kitu. Watu bado wanauzungumza mhadhara wako, na ami yako Nasr anajisifu msikitini kuwa wewe ni binti wa ndugu yake. Yule kijana ni mhandisi wa maji kutoka Al Kamil, si mtu wa kukushughulisha. Mdogo wako ana mafua tu.

Tumeanza kuchavusha mitende. Mwaka huu nimemwajiri mtu wa kupanda juu, mimi siwezi tena.

Baba yako

*

Nizwa, 5 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Natumai u mzima.

Lujain yuko kwangu, wala hana mafua. Amekuja na begi moja, amekaa jikoni akanieleza yote. Kwamba yule kijana jina lake Wadhah, na mwezi wa Januari alikuja kumposa yeye, pamoja na baba yake, Mzee Thuwaini. Ukawapa kahawa na halwa, ukawaambia mtalifikiria. Kisha ukamtuma ami Nasr akawaambie nasaba hailingani, kwa kuwa babu yao alikuwa mtumwa aliyeachwa huru.

Na mimi nikasimama mbele ya mtu huyo nikamwambia hatuna hayo! Sijui uso niuweke wapi.

Nilimpigia simu nimtake radhi. Kanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wewe hukunikosea, ustadha. Ulijibu ulivyofunzwa nyumbani kwenu." Bora angenitukana.

Siku ya pili yake nilikuwa na somo juu ya watu wa nchi ya Watamil, wale waliomwimbia Mungu wao wakisema kuwa yeye haulizi mtu kazaliwa na nani. Nikafungua kitabu, nikakifunga, nikawaruhusu wanafunzi waende zao.

Baba, wewe Unguja ulifukuzwa kwa kuitwa Mwarabu, ukafika huku Uarabuni ukaitwa Mswahili. Umeliwezaje hili?

Abeer

*

Nizwa, 14 Aprili 2024

Baba, shikamoo, na Idi njema.

Ramadhani yote hukunijibu. Siku ya Idi, kwenye simu, ulinipa salamu ukanipitishia shangazi. Lujain hakutaka kuja Ibra, nami sikumlazimisha. Anakula kidogo. Hata kama ni kunigombeza, niandikie.

Mwanao, Abeer

*

Ibra, 10 Mei 2024

Mwanangu Abeer, na Lujain, kama yupo karibu, msomee,

Salamu nyingi. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa naona haya, na kila nikishika kalamu hunirudia.

Bibi yangu, mzaa baba, jina lake lilikuwa Zafarani. Alikuwa Myao, aliletwa Unguja mtoto mdogo, akauzwa. Babu akamweka suria, akamzalia baba yangu. Kule watu walijua na hakuna aliyelifanya neno. Tulipofika hapa, wazee wa mji wakatuuliza, "Mama zenu na bibi zenu ni akina nani?" Mimi na Nasr tukajibu kuwa wote ni wa kabila letu. Tumelisema mpaka tukaliamini. Alipokuja Wadhah, niliogopa kuwa tukiungana nao, watu wataanza kuchimba na kwetu.

Baada ya Idi nilikwenda Al Kamil peke yangu. Mzee Thuwaini kanipokea vizuri, na hilo ndilo lililoniumiza. Nikamtaka radhi. Akaniuliza, "Ndugu zako wanajua kama umekuja?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi ulitukataa waziwazi, na sasa unatutaka kwa siri."

Ijumaa iliyofuata nikawakusanya wanaume wa ukoo kwenye sabla, pale tunapopokelea wageni, nikawaambia habari za Bibi Zafarani. Nasr akasimama. "Umetuvua nguo!" Akatoka, na wengine wakamfuata, kahawa haijanywewa. Nikabaki nikitazama vikombe. Mara Kaltham akaingia, kumbe alikuwa mlangoni anasikiliza. Akasema, "Bibi nilimlisha kwa mkono wangu mpaka alipokufa, na nyinyi miaka yote mmemkana. Washa gari."

Tukaenda Al Kamil, yeye na mimi. Nikayasema yote mbele ya majirani wa Mzee Thuwaini, kwa nini nilimkataa mwanawe na mimi ni nani. Habari za Bibi akanimalizia Kaltham. Wadhah hakunijibu mimi. Alimwambia shangazi yako kuwa yeye bado anamtaka Lujain, lakini aulizwe mwenyewe.

Basi namuuliza. Akisema hapana, sitamuuliza sababu, na chumba chake kipo. Akikubali, nikahi itasomwa kwao. Nasr amesema hatakuja. Mimi ndiye walii wa kumwozesha Lujain, lazima nimshike Wadhah mkono na kumtamkia maneno ya ndoa mbele ya baba yake. Sijui nitaweza vipi. Niombeeni.

Baba yenu