Koti la Shemeji Limevuka Mpaka

Tunduma, Jumapili

Dada Nelina,

Shikamoo, na nyingine ya kukupoza moyo kabla hujaendelea kusoma.

Filamu tunayoipiga huku inaeleza jinsi watu walivyocheza kamari ya mpira kwa kujificha, hadi serikali ilipoiruhusu kwa kibali. Kazi yangu, ile niliyowatambia kanisani, ni kugonga vibao viwili mbele ya kamera kila kipande cha picha kinapoanza na kinapoisha, basi.

Jana tulikuwa uwanjani tukimpiga picha Mzee Silwimba, mcheza kamari wa zamani kutoka ng'ambo, timu ya hapa ikicheza na ya ng'ambo, upande wa Rodeshia. Mzee akatangaza, "Nasimama na ng'ambo! Naweka blanketi langu. Anayebisha aweke koti!" Nami, kwa bidii zangu zote, nikagonga: pa!

Uwanja mzima ukashangilia. Kumbe hapa dau hukubaliwa kwa kupiga makofi mara moja mbele ya watu. Nikajitetea kwamba ile ni kazi ya filamu tu.

"Mwanangu," mzee akasema kwa upole, "tumesikia wote."

Nilisali kuliko nilivyowahi kusali hapo Mbozi Misheni. Ng'ambo wakashinda.

Mwambie shemeji asilitafute koti lake la harusi, nilikuja nalo huku bila kumwaga. Filamu ikiletwa huko mtaliona, limemkaa mzee vizuri kuliko lilivyowahi kumkaa yeye. Wabusu watoto, na uniombee msamaha kwa mumeo, maana baridi ya huku haina huruma.

Mimi kwenye filamu msinitafute sura. Mtaona mikono tu, ikigonga.

Mdogo wako,
Yoramu