Mistari Mitano Niliyoiwekea Reli

Jumatatu, 3 Machi
Nachambua maharage, simu inaita. Neema, mwanangu. Kasahau kompyuta nyumbani na saa nne bosi wake huko Kurasini anataka majibu. Ikabidi mie ndiye niiwekee programu ya kupimia. Mie wa darasa la nne. Ananitajia herufi moja moja, naandika kwenye ile skrini nyeusi. Ikakubali.
Ofisi yao wanatengeneza mfumo wa kuwakumbusha wazazi kwa meseji siku ya chanjo ya mtoto. Programu inaukagua. Kijani, mzima. Nyekundu, mbovu. Zikatoka nyekundu tano. Akasema nifungue faili la mipangilio, niweke alama ya reli, #, mbele ya mistari mitano, reli ile ile ya kuangalizia salio. Nikaweka. Kijani tupu. Nikapiga picha, nikamtumia. Kanisifia. Siku nzima natabasamu peke yangu.

Jumamosi, 8 Machi
Jumuiya ya mtaani. Nimewaambia kina mama waandikishe namba zao, mfumo nimeupima kwa mkono wangu. Wamecheka, wameandikisha. Kumi na mmoja.

Alhamisi, 20 Machi
Mama Pendo, mmoja wa wale kumi na mmoja, kaja na simu mkononi. Meseji imeingia leo. Chanjo ya Pendo ilikuwa Jumatano ya wiki iliyopita. Kadi hakuiangalia, alikuwa anangoja meseji.
“Mama Neema, si ulisema umeupima?”


Ijumaa, 21 Machi
Neema yuko bafuni, nikafungua kompyuta. Nikaandika amri ile ile. Kijani. Nikafuta reli moja, nikarudia. Nyekundu. Ya pili, nyekundu. Zote tano. Kumbe mstari wenye reli mashine inauruka, haiusomi. Hakuna kilichotengenezwa. Tulificha.
Nikamuuliza.
“Bosi alinibana, mama. Na wa ofisini wangeuliza maswali.”
Basi kompyuta haikusahauliwa. Iliachwa makusudi. Alimtafuta mtu asiyejua kuuliza, akanipata mie niliyemzaa. Inauma kuliko uchungu wa kumzaa. Nimemwambia leo hii amwambie bosi, asipokwenda yeye nitakwenda mie. Kaondoka analia. Sikumfuata.

Jumamosi, 22 Machi
Nimesimama jumuiya nikasema yote. Kwamba reli niliziweka mie. Kwamba warudi kwenye kadi zao, meseji wasizitegemee. Jina la Neema sikulitaja, ila wanajua anafanya kazi wapi. Hakuna aliyenigombeza. Mama Mkude kanisogezea kiti. Pendo kachomwa jana, mama yake kaniambia, halafu akaangalia pembeni.
Bosi kaambiwa, mfumo wameuzima mpaka urekebishwe. Neema kaniambia akiwa mlangoni. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia. Nikampakulia chakula chake. Mie nikaenda kukaa nje.